Tusifufue Mji Mkongwe kwa saruji

Mhariri,

Mjadala wa kufufua nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, umejaa habari za milango na rangi, ilhali kazi huharibikia kwenye plasta. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga saruji, maji hukwama ndani, chumvi hutoka, plasta huvimba na kumeguka, na ncha za boriti huozea ukutani.

Fundi achanganye ndoo moja ya chokaa iliyozimwa (yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji) na kulowekwa wiki kadhaa na ndoo tatu za mchanga usio na chumvi. Apige matabaka membamba, kila moja likauke polepole chini ya magunia yaliyoloweshwa. Wenye nyumba, tafadhali msikubali kuharakishwa!

Fundi mwashi,
Unguja