Si Mirihi, ni mfuasi wa Kilimia

Mhariri,

Juzi usiku hapa Pangani mjukuu wangu alinishtua barazani: "Babu, ile ni sayari ya Mirihi?" Nikamwambia, tafuta kwanza Kilimia, kile kishada cha nyota, sasa shusha kidole. Ile ya rangi ya chungwa ndiyo nyota Aldebaran. Waarabu waliiita al-Dabaran, yaani mfuasi, kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia. Ni jitu hasa: upana wake ni kama mara 44 ya Jua, na mwanga tuliouona uliondoka huko miaka 65 hivi iliyopita, mimi nikitambaa.

Kilimia tumekitungia methali. Mfuasi wake mbona hatumtaji? Naomba ukurasa wenu wa watoto uchore anga ya Desemba.

Mvuvi mstaafu,
Pangani