Mdogo wangu, huyo Mendelssohn wako alikuwa na dada

Mdogo wangu,

Mama anakusalimia, mguu umepata nafuu, sukari bado inapanda na kushuka. Naanza na hilo usije ukasema dada kaandika kwa ajili ya ugomvi tu.

Nimesoma ulichoandika juzi, kwamba mtunzi asiyepanda ndege hana cha kutunga, na shahidi wako ni Felix Mendelssohn, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, eti bila Scotland na bila Italia asingekuwa kitu. Haya. Nimechoma bando kumsikiliza na kumsoma maana mimi hilo jina nililijua tu kwenye zile karatasi za kwaya zilizoliwa na mende, na ule wimbo wa maharusi wanapotoka kanisani ambao ulikuwa unaupiga kwa tarumbeta ya usharika mpaka mashavu yanauma. Na kweli safari zilimpa kitu, sibishi. Mwaka 1829, kijana wa miaka 20, anaenda Scotland na rafiki yake Klingemann, pale Edinburgh anaingia kwenye lile kanisa la Holyrood lisilo na paa, majani yameota ndani, anawaandikia wa kwao kwamba nadhani leo nimepata mwanzo wa simfoni yangu (kazi kubwa ya okestra) ya Kiskoti. Siku chache mbele, tarehe 7 Agosti, yuko pwani ya magharibi, maneno yanamshinda, ndani ya barua ya nyumbani anaandika nota, mwanzo wa ile kazi yake ya okestra iitwayo Hebrides, jina la visiwa vya huko. Nilipofika hapo nikasema huyu kweli mwenzetu.

Ila soma vizuri. Hizo nota kaandika kabla hajaliona lile pango la Fingal watu wanalolisifia, boti ya kwenda kisiwa cha Staffa, lilipo pango hilo, kaipanda kesho yake na bahari ikamchafua tumbo hoi. Na kazi yenyewe kaimaliza Desemba 1830 akiwa wapi? Roma. Simfoni ya Kiskoti imekamilika 1842, miaka 13 baadaye! Ya Italia kaanza kuiandika huko huko ila kaimalizia Berlin, ikapigwa London mwaka 1833. Yaani mtu yuko Roma anaandika mawimbi ya Scotland, yuko Berlin kwenye baridi anaandika saltarelo, ile ngoma ya kurukaruka ya Waroma. Sasa hapo ndege inaingiaje? Alichoandika alikikumbuka akiwa mbali nacho, na kukumbuka hata sisi tuliobaki huku tunakumbuka, tena sana.

Halafu kwenye andiko lako lote refu lile hukumtaja Fanny. Hata mara moja.

Fanny ni dada yake. Mkubwa, kazaliwa 1805, mwenzake 1809. Mwalimu mmoja, kinanda kimoja. Mwaka 1820 baba yao akamwandikia kwamba kwa Felix huenda muziki ukawa kazi, ila kwako wewe utabaki pambo tu. Baba yetu hakuandika barua. Alisema mezani, wewe ukiwepo, ukiwa na paja la kuku mkononi: huyu ataolewa, muziki utamsaidia kanisani. Na ng'ombe akauzwa, na nauli ikawa yako. Sisemi ili umchukie marehemu, na wala sikukuonea wivu, nilikufungia mwenyewe begi na ile sweta ya marehemu bibi nikakuwekea mimi, sijui hata kama uliwahi kuivaa.

Sasa sikia. Mwaka 1825 Fanny katunga wimbo unaitwa Italien, yaani Italia kwa Kijerumani. Italia hajawahi kukanyaga! Mwaka 1822 familia nzima ilienda Uswisi, Italia ikaishia kuwa ng'ambo ya milima. Na akaitunga Italia, na ukiusikiliza huo wimbo unatamani kufunga mizigo sa hivi. Ukaja kuchapishwa kwenye kitabu cha nyimbo za Felix, opus 8, yaani kazi yake namba 8, jina lililoandikwa ni la Felix. Miaka ikapita, 1842 Felix yuko London ikulu, Malkia Victoria anapenda nyimbo zake, anataka kumwimbia mmoja, anachagua nini? Huo huo. Malkia akauimba na Felix ikabidi aseme kwamba huu, Mtukufu, ni wa dada yangu.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

Wewe ulinyamaza. Si kunyamaza tu, uliongeza. Sijui kama unajua kwamba ile klipu yako ilionyeshwa ukumbini kwenye sendofu ya mtoto wa mamkubwa. MC kasema tuone kijana wetu anavyotuwakilisha Ulaya, taa zikazimwa, ukatokea kwenye projekta na suti nyeusi, ukapiga ule wimbo. Ule wangu, wa matanga ya bibi, ambao sauti ya tatu nilikufundisha wewe jikoni huku unamenya ndizi. Halafu yule mama mtangazaji anakuuliza umeutoa wapi, na wewe unatabasamu, unasema ulikujia kwenye treni, ulipoiona theluji kwa mara ya kwanza. Theluji! Watu wakapiga makofi, wanakwaya wangu wa meza ya nyuma hawakupiga, walikuwa wananiangalia. Mama akanivuta kitenge akaniuliza kwa sauti, si ndo ule wako? Nikamwambia mama, kula.

Najua nyie mnaosoma hapa mtauliza kwa nini sikusema palepale. Ningesemaje, nisimamishe shughuli ya mtoto wa watu? Na ningempigia simu nani, mtu anayejibu meseji baada ya wiki kwa kidole gumba? Nilifanya kilichofaa. Jumapili iliyofuata tuliuimba kanisani na nikausema ni wa nani, ukitaka kuita huko ni kukuchafua, ita.

Na usinielewe vibaya, safari naipenda. Fanny mwenyewe alipofika Italia hatimaye, 1839 hadi 1840, na mumewe mchoraji na mtoto wao, alirudi akaandika Das Jahr, yaani Mwaka, vipande vya piano, kila mwezi na chake. Sikiliza hicho cha Februari, ni kanivali ya Roma tupu. Alikuwa amebakiza miaka michache tu. Mei 1847 alikuwa nyumbani Berlin anafanya mazoezi ya konsati yake ya Jumapili, na kazi waliyokuwa wanaifanyia mazoezi ilikuwa ya Felix, kiharusi kikampiga palepale. Felix mazishini hakufika. Akaenda Uswisi, akaandika kwateti ya F ndogo, ya vyombo vinne vya nyuzi, isikilize ukiwa peke yako, na Novemba mwaka huohuo na yeye akafa. Wamezikwa pamoja. Sikutishi, nakuambia tu mambo ambayo shahidi wako anayo na wewe hukuyasema.

Ushauri wangu kama dada ni mdogo: ukiulizwa, taja. Huna cha kupoteza, treni yako bado ni yako na theluji yako bado ni yako, zitungie nyimbo zake, nitazisikiliza na nitakusifia kama nilivyokusifia siku zote hata pale ulipokuwa unakosea besi mbele ya mchungaji na mimi nikasema kosa ni la kinanda.

Hela ya kinanda kipya uliyotuma imefika, kimeshanunuliwa, kanisa linakushukuru sana na limeniomba nikufikishie. Kamati wanataka kukibandika jina lako pembeni. Nimewaambia wasubiri mpaka Desemba ukija, na ukija mazoezi ni Alhamisi jioni, sauti ya tatu haina mtu.

Dada yako