Kaka, hili la draisuti nisikilize kabla hujapanda ndege

Shikamoo kaka. Jana ulivyokata simu nilibaki nimeishika tu mkononi, maana lile neno lako kuhusu draisuti, nguo ya kuzamia maji ya baridi, lilinikaa rohoni. Eti "nimezamia Mnemba miaka kumi na mbili, nguo tu ndo itanishinda?" Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wapo vijana wengine wa Nungwi, Mafia na Diani wanaopata safari za huku Uingereza na wanawaza hivyo hivyo. Na wewe ndo ulonifundisha kuzamia, ulinishika mkono siku naogopa kushuka, kwa hiyo sikwambii kwa ujuaji, nakwambia kwa sababu yameshanikuta.

Kwetu maji nyuzi 27, 28, unatia wetsuti, ile nguo ya mpira inayopitisha maji, ya milimita 3 basi. Huku ninakojifunzia, Stoney Cove, machimbo ya mawe ya zamani yalojaa maji karibu na Leicester, wakati wa baridi maji yanashuka mpaka nyuzi 5 au 6. Draisuti haitakiwi kuingiza maji, ndani unavaa ovaroli nene kama blanketi, na kinachokutia joto ni hewa ilokaa humo kwenye blanketi. Sasa kazi yote iko kwenye hiyo hewa kaka.

Ukifika mita 10 hewa ulotoka nayo juu inabanwa inabaki nusu. Mimi siku ya kwanza nilichelewa kuongeza, mita 6 tu nguo ikanikamata mapajani na kwapani kama koleo, nilipovua nikakuta mistari myekundu kwenye ngozi. Kuna kitufe kifuani unabonyeza kidogo kidogo, hewa inatoka mtungini inaingia kwenye nguo. Ukipanda inatanuka, lazima uitoe kwa vali ya bega la kushoto, na haitoki mpaka hilo bega liwe juu kuliko kwengine kote.

Hapo ndo nilipopatikana. Nilimuona kamba wa maji baridi chini ya jiwe, nikainamisha kichwa nimtazame, miguu ikawa juu, na hewa yote ikakimbilia miguuni. Soksi za nguo zikavimba, mapezi yakaanza kunichomoka, nikawa napanda kichwa chini miguu juu na vali iko chini haitoi kitu, na kila ninavyopanda hewa inazidi kutanuka inanivuta zaidi. Wewe unajua mapafu yanakuwaje mtu akipanda kasi huku kabana pumzi. Mwalimu alinidaka mguu. Baadae akanirudisha palepale tukarudia mpaka mwili ukashika: kunja magoti mpaka kifuani, jiviringishe, piga mapezi kichwa kije juu, nyanyua bega la kushoto, hewa itoke. Nimefanya mara ishirini kaka, na bado nafanya kila nikiingia. Miaka yako kumi na mbili ya Mnemba mwili wako haujawahi kuombwa kitu hicho hata mara moja.

Halafu shingo. Kuna mpira mwembamba unabana shingo, unapaka poda ndo unapita. Uzi mmoja wa msuko wangu ulinasa chini ya mpira, uzi mmoja tu, maji yakashuka mgongoni kama sindano nusu saa nzima. Ukiwa mkubwa unavuja, ukibana mno unabana na mishipa ya shingo, kichwa kinakuzunguka. Kabla ya kuingia unachuchumaa, unajikumbatia, unaupanua mpira kwa kidole, hewa ya ziada inatoka fyuu. Na usibonyeze hewa ya nguo na ya jaketi la kuelea kwa pamoja, maji ya baridi hivyo regyuleta, kifaa cha kupumulia, inaganda inamwaga hewa ovyo.

Najua roho yako iko Silfra, ule ufa wa maji wa Aisilandi. Na mimi pia, wallahi, maji yalotoka kwenye barafu ya Langjökull yakachujwa ndani ya miamba ya volkano miaka na miaka, nyuzi 2 mpaka 4, unaona mbali kupita mita 100. Lakini kule Aisilandi hawakuzamishi bila cheti cha draisuti au ushahidi kwamba umeshaizamia, na cheti chako cha kufundisha watalii Nungwi hakisemi chochote kuhusu hilo.

Kwa hiyo naomba ubadilishe tiketi, uje siku nne kabla. Mbili tuzamie machimboni, mwalimu nimeshaongea nae, anakusubiri kama mwanafunzi, na mimi ntakuwa maji hayo hayo pembeni yako. Nipimie mzunguko wa shingo, wa mkono pale kwenye kifundo, urefu, na namba ya kiatu ukiwa umevaa soksi nzito, nitumie kabla ya Ijumaa nikuazimie inayokukaa. Shingo usikaze kamba ya kupimia, pima ukiwa unavuta pumzi kawaida.