Shemeji, toa wavu mdomoni mwa Sondu

Shemeji,

Tangu tumzike mama yenu hujapokea simu yangu hata moja, na nyumbani wanasema ni kwa sababu ya ule wavu. Basi nakuandikia hapa, mbele ya watu.

Unaujua mto Sondu-Miriu kuliko mimi. Mvua za Machi zikishika kule juu, maji huja ya kahawia, na povu, na majani yaliyong'oka. Samaki wetu ningu wakiyapata hayo maji huingia mtoni kutoka Ziwa Victoria, kama wanavyoingia mito ya Nyando, Yala na Nzoia. Wanatafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko pembeni mwa mto, watage humo. Watoto hukulia kwenye vidimbwi hivyo, kisha maji yakishuka wanateremka nayo ziwani. Kwa hiyo wavu ukivuka mto toka ukingo hadi ukingo siku ya maji mapya, unakamata jike kabla hajataga. Hapo umemaliza na wa mwakani.

Lile karai la bluu silisahau. Ulimwinua jike mmoja kwa shavu, mayai yakamiminika vidoleni mwako kabla kisu hakijamgusa. Samaki anayetoa mayai hivyo bila kukamuliwa alikuwa tayari kutaga. Ukanawa mtoni, ukasema, "Wako wengi." Shemeji, wewe! Wewe uliyenifundisha kumshika kamongo asinitafune kidole.

Usiniambie mbuta, yaani sangara, ndiye aliyemaliza ningu. Ningu walishapungua tangu miaka ya 1950, na mbuta alijaa ziwani miaka ya 1980. Nyavu za midomoni mwa mito zilitangulia. Wazee walitega uzio na vikapu wakiwavizia samaki wanaoteremka, yaani walioshataga. Walikula ningu vizuri tu.

Na omena, hao dagaa wa ziwani, mbona unawaheshimu? Tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wao ukifungwa, unaning'iniza taa na nyavu, hata watoto wakilalamika. Siku za mbalamwezi hupotezi mafuta, maana unajua omena hawakusanyiki kwenye taa mwezi ukiwaka. Akili hiyo hiyo ipeleke mtoni. Maji yakipanda, acha mdomo wazi. Mto ukirudi chini na maji yakaanza kung'aa, tega upande mmoja tu, nusu ya mto ibaki njia. Ukimvuta jike tumbo limejaa na bado yu hai, mrudishe. Mvua za Oktoba zikija, fanya vivyo hivyo.

Ndiyo, mimi ndiye niliyewaambia BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo wetu, habari za wavu wako. Nilikuja kwako kwanza, ukanijibu mto hauna mwenyewe. Ulitaka ninyamaze kwa kuwa nimeoa kwenu? Dada yako ananuna mpaka leo, nami bado naona nilifanya lililopasa. Ningekaa kimya, wanao wangemjua ningu kwa jina tu, na lawama ingenifika mimi niliyeona nikaacha.

Ninao wavu mzima wa inchi tano, haujashonwa popote. Uchukue. Tega ziwani, mbali na mdomo wa mto, upate mbuta wa sentimita 50 hadi 85. Wadogo na wakubwa kuliko hapo waache. Mafuta ya boti safari ya kwanza nitalipa mimi. Ila pokea simu.