Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: reli peke yake haitaifikisha Kigoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwandiga, ninakofanyia biashara ya mawese. Nina ombi moja: serikali iweke kisheria fungu la kuziinua halmashauri zilizoachwa nyuma, likatwe kwenye mapato ya taifa na ligawiwe kwa kufuata pato la mtu katika kila mkoa.

Jibu tulilozoea ni kwamba tusubiri SGR, reli mpya ya kisasa. Tunaisubiri kwa hamu, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma uliposainiwa 2022 tulishangilia. Lakini sisi tumekuwa mwisho wa reli tangu 1914. Mjerumani aliifikisha ziwani, kisha chini ya Mwingereza mkoa huu ukafanywa hazina ya vibarua. Vijana wa Kiha waliandikishwa umanamba, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Nguvu zao zilijenga huko. Reli ilikuwepo, ila taratibu zote zilizoizunguka zilipangwa kuchota watu Kigoma, wala si kuleta mtaji.

Ndiyo maana naogopa tukidhani chuma kikishalazwa, mikoa italingana yenyewe. Wachumi Robert Barro na Xavier Sala-i-Martin walipochunguza majimbo ya Marekani na mikoa ya Ulaya, waliona pengo la kipato hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kufuta nusu tu ya pengo huchukua kama miaka 35. Dira yetu ya maendeleo ya taifa inaishia 2050. Na hao waliopimwa walikuwa na shule, mahakama na benki zinazofanana kuliko zetu.

Tazama mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kila halmashauri huitengea asilimia 10. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono. Lakini asilimia hiyo inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri ya Dar es Salaam ina hoteli, maghala na majengo ya kutoza. Ya Kakonko, huku kwetu Kigoma, inategemea ushuru wa mazao na minada. Sheria ni ileile, asilimia ni ileile, ila kikundi cha akina mama wanaokamua mawese huku kinagawana fungu dogo kuliko wenzao wa mjini, ambao tayari wana benki mlangoni. Kila mwaka unaopita, sheria hiyo inaongeza umbali kati yetu, ingawa hakuna aliyekusudia hivyo.

Huko Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya kuzisogeza nchi wanachama karibu kiuchumi kabla ya sarafu moja, iliyopangwa 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Ni vya maana. Lakini hakuna hata kimoja kinachouliza kama mtu wa Kibondo, Kigoma, anamkaribia kwa kipato mtu wa Kinondoni, Dar es Salaam. Nchi inaweza kuvitimiza vyote huku mikoa yake ikizidi kuachana.

Wenzetu wamejaribu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 204, inatenga asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Mfuko huo umekwama mara nyingi kwa kesi na ucheleweshaji, na hilo ni la kujifunza. Umoja wa Ulaya nao huipa kipaumbele mikoa ambayo pato la mtu halifiki asilimia 75 ya wastani wa umoja wote. Kipimo kinajulikana, hivyo mkoa hauhitaji kubembeleza.

Sisi kipimo tunacho tayari: Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pato la kila mkoa, na Kigoma imekuwa kwenye kundi la chini. Naomba takwimu hizo ziingie kwenye hotuba ya bajeti, pengo lisomwe bungeni mwaka hadi mwaka, na muswada wa fungu hilo uletwe kabla treni ya kwanza ya SGR haijafika hapa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfanyabiashara wa mawese, Mwandiga, Kigoma