Boriti za nyumba ya bibi

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama yako anakusalimu sana.

Picha za dari ya nyumba ya bibi zimenifikia. Boriti mbili za upande wa barabarani zimeoza vichwani, pale zinapoingia ukutani, na katikati ni nzima. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya mvua, na tangu nyumba hiyo ipigwe plasta ya simenti maji hayana pa kutokea ila kwenye mti. Umefanya vizuri kuzigonga moja moja kabla ya kuniandikia.

Lakini mama, wazo la kuvunja ukuta ili chumba kipanuke siliafiki. Boriti ya mkoko ikizidi kama mita tatu hulegea, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Bagamoyo, na hata Unguja na Lamu, ni virefu na vyembamba. Waliojenga walianza na mti, ukuta ukafuata. Dari ile ni mawe na chokaa, uzito wake si wa mchezo.

Mikoko siku hizi haikatwi bila kibali, na ni haki, maana ndiyo inayotushikia ufukwe. Nitakununulia mtiki huku. Shamba la miti la Longuza lipo hapa Muheza. Nitachagua moyo wa mti, ule weupe wa pembeni mchwa wanaula.

Mbao ya inchi mbili kwa sita isimamishe, usiilaze. Piga hesabu mwenyewe: nguvu ya boriti ni upana mara kimo mara kimo. Ikisimama, 2 × 6 × 6 ni 72. Ikilala, 6 × 2 × 2 ni 24. Mbao ile ile, fedha ile ile, nguvu mara tatu. Kwa kubonyea tofauti ni mara tisa, kwa kuwa hapo ni upana mara kimo mara kimo mara kimo.

Sasa kile kiungo ulichochora cha penye ngazi, boriti fupi inapokutana na ndefu. Nusu kwa nusu, yaani kila mti ukatwe nusu ya kimo ili ikaliane, ni rahisi kukata na kwa fremu ya meza kinafaa, ila darini kila boriti inapoteza nusu ya kimo chake mahali pale pale. Tena umechora pengo upande wa chini! Boriti ikibeba mzigo, nyuzi za juu hubanwa na za chini huvutwa, na ufa huanzia kwenye zile zinazovutwa. Usiikate boriti chini, katikati ya urefu wake, hata kwa patasi ndogo.

Tumia ulimi na tundu: kichwa cha boriti fupi kichongwe ulimi, uingie kwenye tundu la ile ndefu. Kwenye fremu ya mlango ulimi hukatwa theluthi ya unene wa mbao. Hapa uwe mwembamba zaidi, sehemu moja ya sita ya kimo, na tundu lichimbwe usawa wa katikati ya kimo, ambako nyuzi hazibanwi sana wala hazivutwi sana. Bega la boriti fupi nalo lizame kidogo ndani ya ile ndefu, ulimi usiachiwe mzigo peke yake. Boriti ndefu iwe nne kwa sita. Misumari usiitegemee, upepo wa bahari utaila. Mlango mkubwa wa bibi hauna bawaba hata moja, unazunguka kwa vigingi vyake vya mti kwenye vizingiti vya juu na chini, na hadi leo unafunga.

Vichwa vya boriti mpya usivizungushie simenti. Acha nafasi ya kidole, hewa ipite.

Nitumie upana wa chumba, ukuta hadi ukuta, kila boriti kipimo chake, kwa sababu kuta hizo hazilingani. Nunua mirunda ya kuegemeza dari kabla hujagusa kitu, na bibi ahamie chumba cha uani tangu leo.

Baba yako