Mgonjwa aambiwe mwenyewe ugonjwa wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hii tabia ya kumficha mgonjwa, yaani majibu yanatoka daktari anawaita ndugu pembeni anawaambia ni kansa, halafu mwenye mwili wake anaambiwa ni vidonda vya tumbo tu utapona. Najua ndugu wanafanya kwa mapenzi, wanaogopa atakata tamaa, ila mtu mzima mwenye akili timamu atakubali au kukataa vipi operesheni au mionzi wakati hajui anatibiwa nini? Hiyo fomu ya ridhaa anayosaini ina maana gani sasa?

Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani lilishasema tangu 1981 kwamba mgonjwa ana haki ya kukubali au kukataa matibabu baada ya kupewa maelezo ya kutosha. Na lilivyo leo linamruhusu pia aseme sitaki kujua, au achague nani aambiwe kwa niaba yake, lakini anachagua YEYE sio shangazi wala mtoto wa kwanza.

Hata presha na sukari ni hivyo hivyo. Presha inaweza kupita 140/90 na mtu asisikie chochote, sasa kama hajaelezwa vizuri akijisikia fresh anaacha dawa, kesho stroku au figo.

Ombi langu kwa madaktari ni dogo, muulizeni mgonjwa mapema, kabla hata vipimo havijafanyika, majibu yakitoka tumwambie nani? Na muandike kwenye faili lake.

Msomaji wenu